Zamu ya Lindo: Kujitolea, Wajibu na Uwajibikaji wa Walinzi wa Vijiji katika Mgori, Mkoa wa Singida

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya kujitolea katika ulinzi wa kijiji nchini Tanzania kwa kutumia mfano wa Mgori, mkoani Singida, ambako mnamo 1995 vijiji vitano vilianza kuulinda msitu wao kwa kutumia walinzi waliotokana na wanakijiji wenyewe. Mfano huo unawekwa sambamba na historia ya sungusungu, vikundi vya ulinzi vilivyozuka katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hoja inayojengwa ni kwamba kiwango cha hiari ya mlinzi hakitoshi kueleza kwa nini lindo moja hudumu na jingine hugeuka kero. Jambo la kuchunguzwa ni nani anayemhoji mlinzi baada ya zamu yake, na kwa kumbukumbu gani. Sehemu ya mwisho inajadili suala ambalo mijadala ya ulinzi shirikishi hulipita haraka, yaani gharama ya mwili wa mlinzi anayeumia akiwa lindoni.

Maneno muhimu: kujitolea, sungusungu, ulinzi shirikishi, sheria ndogo, Mgori

1.0 Utangulizi

Kitenzi kujitolea kimebeba maana yake katika umbo lake: mtu hutoa, na kinachotolewa ni yeye mwenyewe. Hata hivyo, matumizi ya neno hilo vijijini ni mapana kuliko umbo lake linavyodokeza. Mwanakijiji anayechimba msingi wa darasa kwa sababu kitongoji chake kimepangiwa siku hiyo husemwa amejitolea. Kijana aliyetumwa na baba yake kwenda lindo ili kaya isitozwe faini naye husemwa amejitolea. Vivyo hivyo husemwa juu ya mtu aliyejitokeza mwenyewe mkutanoni, akainua mkono na kusema kuwa yuko tayari kulinda. Watu hawa watatu hawako katika hali moja, lakini taarifa za vijiji na za halmashauri huwaweka chini ya neno moja.

Mchanganyiko huo wa maana una matokeo yanayoonekana zaidi katika ulinzi kuliko katika shughuli nyingine za pamoja. Anayechimba msingi vibaya huharibu msingi. Anayelinda vibaya huweza kumkamata asiye na hatia, kumpiga, kumtoza fedha isiyoandikwa popote, au yeye mwenyewe kurudishwa nyumbani akiwa amebebwa. Kwa sababu hiyo, swali la nani anajitolea, kwa masharti gani na mbele ya nani, linastahili kutazamwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka.

Mgori umeteuliwa kwa kuwa mfano wake ni mwembamba kiasi cha kuonekana vizuri. Kitu kinacholindwa kinajulikana, vijiji vinavyohusika vinahesabika, na kanuni za lindo ziliandikwa tangu mwanzo. Mambo hayo matatu ni nadra kukutana mahali pamoja katika historia ya ulinzi wa jadi nchini.

2.0 Sungusungu: Lindo Lililotangulia Sheria

Lindo la Mgori haliwezi kueleweka bila kurejea nyuma kidogo, upande wa magharibi wa Singida. Sungusungu ni jina la sisimizi wakubwa weusi wanaokwenda kwa makundi na kuuma. Jina hilo walipewa wanakijiji wa Wilaya ya Kahama na maeneo jirani waliojipanga, takribani mwaka 1981 na 1982, kupambana na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa kutumia silaha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, baadhi ya silaha zilikuwa zimesambaa mikononi mwa raia, bidhaa zilikuwa adimu, na kituo cha polisi kilikuwa mbali na boma la mfugaji. Katika baadhi ya maeneo vikundi hivyo vilijulikana pia kama Wasalama, jina lililosisitiza lengo lao badala ya ukali wao.

Mpangilio wake ulichota katika mila. Kiongozi aliitwa ntemi, akisaidiwa na katibu na wakuu wa vijana waliobeba upinde na mishale. Yowe likipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kilipaswa kulipokea na kufunga njia, cha tatu vivyo hivyo, hadi nyayo za ng'ombe walioibwa zipatikane. Asiyeitika yowe hakuhitaji kupelekwa mahakamani. Alitengwa: hakusaidiwa shambani, hakukopeshwa, hakutembelewa msibani. Kwa mkulima anayetegemea jirani katika palizi na mavuno, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko faini, na ndiyo iliyofanya watu wote waonekane kuwa wamejitolea.

Mwitikio wa dola haukuwa wa sauti moja. Viongozi wa chama, akiwamo Mwalimu Nyerere, waliona katika vikundi hivyo mwendelezo wa fikra ya wananchi kujilinda. Polisi na mahakama waliona watu wanaokamata, kuhukumu na kuadhibu bila mamlaka, na baadhi ya wanasungusungu walishtakiwa. Abrahams (1987), katika moja ya tafiti za mwanzo kuhusu suala hili, anaonesha jinsi vikundi hivyo vilivyosimama katika mpaka wenye utata kati ya kuisaidia serikali na kuichukulia nafasi yake. Utata huo ulipunguzwa, lakini haukuondolewa, na marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliyotambua sungusungu na vikundi vinavyofanana navyo na kuwapa uwezo wa ukamataji. Kwa maneno mengine, sheria iliwakuta walinzi wako njiani kwa miaka saba au zaidi.

Baada ya hapo lindo lilishuka kutoka juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Augustino Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alihimiza kuundwa kwa sungusungu hadi mijini, na wakazi wa mitaa waliozoea kulala wakajikuta kwenye orodha za zamu. Fleisher (2000), akichunguza Wakuria wa Tarime, anaeleza vikundi vilivyoletwa kwa msukumo wa serikali, vikapunguza wizi wa ng'ombe kwa muda, kisha vikapoteza imani ya watu kutokana na rushwa. Heald (2006) ana mtazamo wa matumaini zaidi: kwake, sungusungu ilikuwa njia ya wananchi kuijenga upya dola kutoka chini. Mitazamo hii miwili hupambanishwa mara nyingi, ingawa haipingani kadiri inavyodhaniwa. Inaeleza hatua tofauti za maisha ya lindo, na tofauti kati ya hatua hizo ndiyo inayohitaji maelezo.

Ni lazima pia kukiri upande wa giza ambao masimulizi ya kusifu sungusungu huuruka. Baadhi ya vikundi havikuishia kwa wezi. Viliwaandama watu walioshukiwa kuwa wachawi, wengi wao wanawake wazee, ambao hawakuwa na ng'ombe wa wizi wala namna ya kujitetea. Nchini Kenya, katika eneo la Kisii, jina hilohilo la sungusungu lilikuja kuhusishwa na mauaji. Kujitolea kwa wengi, peke yake, hakumlindi mmoja.

3.0 Mgori: Msitu na Vijiji Vitano

Msitu wa Mgori uko kaskazini-mashariki ya mji wa Singida. Ni msitu wa miombo mkavu wenye ukubwa wa takribani hekta 40,000, mkubwa sana kwa kipimo cha mkoa ambao sehemu yake kubwa ni nusu jangwa na ambao wakazi wake, Wanyaturu kwa wingi, huishi kwa mtama, uwele, alizeti na mifugo. Vijiji vinavyoupakana katika simulizi hii ni vitano: Ngimu, Pohama, Mughunga, Unyampanda na Nduamghanga. Kwa wakazi wa vijiji hivyo msitu ni ghala la kuni, dawa, asali, miti ya kujengea na malisho ya kiangazi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango rasmi ulikuwa ni kuutangaza Mgori kuwa msitu wa hifadhi wa serikali. Mpango huo ulikuwa na kasoro inayojulikana katika misitu mingi: ulimwondolea mwanakijiji sababu ya kulinda kabla ya kumleta mlinzi mwingine. Moto, uwindaji, ukataji wa mbao na ufyekaji wa mashamba mapya viliendelea, vikifanywa na wageni pamoja na wenyeji. Mwenyeji aliyemwona mgeni akikata mninga alikuwa na sababu chache za kumzuia. Mti ulikuwa unaelekea kuwa wa serikali, na serikali haikuwapo msituni.

Mwelekeo uligeuka kutokana na mfano wa jirani. Mwaka 1994, huko Duru-Haitemba wilayani Babati, vijiji vinane vilivyokuwa vikipinga msitu wao wa takribani hekta 9,000 kuchukuliwa na serikali viliachiwa kuusimamia vyenyewe. Mwaka uliofuata utaratibu huo ulianzishwa Mgori kwa msaada wa mpango wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden, na mchakato wake umeandikwa kwa kina na Liz Wily, aliyeshiriki kuushauri. Vijiji vitano viligawana msitu, kila kimoja kikabeba dhamana ya sehemu yake. Kila kijiji kilipanga matumizi yanayoruhusiwa, yanayohitaji kibali na yaliyokatazwa. Kila kijiji kiliteua walinzi wake.

Hapa pana ulinganifu wa kuzingatiwa. Wakati walinzi wa Mgori wanaanza doria, Sera ya Misitu ya 1998 haikuwa imeandikwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haikuwapo, na Sheria ya Misitu iliyotambua wazi misitu ya hifadhi ya vijiji ilitungwa mwaka 2002. Kama ilivyokuwa kwa sungusungu, lindo lilitangulia sheria kwa miaka saba hivi. Tofauti ni kwamba Mgori haukuanza bila sheria yoyote. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 ilikuwa imekipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, kuzijadili mbele ya wanakijiji na kuziwasilisha halmashauri ya wilaya kwa idhini. Uwezo huo, ambao vijiji vingi huutumia kwa masuala ya vyoo na utoro wa wanafunzi, ndio uliogeuzwa kuwa nguzo ya lindo. Sungusungu wa Kahama walianza na yowe na kiapo; walinzi wa Mgori walianza na karatasi iliyogongwa muhuri. Huenda tofauti hiyo ikaonekana ya kiofisi mno kupewa uzito, lakini sehemu kubwa ya hoja inayofuata inaitegemea.

Aidha, mlinzi wa msitu hapaswi kudhaniwa kuwa mtu wa kazi nyingine kabisa, asiyehusiana na mlinzi wa wizi. Anayekuta nyayo za ng'ombe msituni alfajiri hajui bado kama mbele yake kuna mchungaji aliyevunja zuio la malisho au mwizi anayeswaga mifugo ya watu. Anayesikia shoka usiku hajui kama atakutana na jirani mwenye shida ya nguzo au kundi la wafanyabiashara wa mbao wenye mapanga. Filimbi ni ileile, kurunzi ni ileile, na mara nyingi hata vijana ni walewale.

4.0 Zamu, Hiari na Shuruti

Je, anayekwenda lindo kwa kuwa jina lake limeandikwa anajitolea? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inatoa mahali pa kuanzia. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, lakini inaeleza kuwa majukumu ya kawaida kwa ajili ya ustawi wa jamii hayahesabiwi kuwa shuruti. Ibara ya 27 inamtwisha kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Ibara ya 146 inazitaja serikali za mitaa kuwa na kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Zikisomwa pamoja, ibara hizi zinaonesha kwamba zamu ya lindo, kisheria, iko karibu zaidi na wajibu kuliko hisani.

Ufafanuzi huo unasaidia, ila hauondoi ugumu wa utekelezaji. Wajibu unaowaangukia wote kwenye karatasi huwaangukia wachache usiku. Mwenye duka hutuma kijana. Mtumishi wa umma hutoa udhuru wa kikazi. Mwenye uwezo hulipa badala ya kwenda, na katika mitaa ya mijini jambo hilo limekuwa utaratibu: kaya huchangia fedha kila mwezi, na vijana wasio na ajira ndio wanaozunguka na marungu. Wanawake, ambao katika kaya nyingi ndio wanaoingia msituni kuokota kuni na ndio wa kwanza kuona gogo jipya lililokatwa, huachwa nje ya orodha ya doria kwa hoja ya usalama wao, kisha huachwa nje ya kikao cha walinzi kwa hoja kwamba hawako kwenye orodha. Lindo linapoteza macho yake bora kwa hesabu ya mzunguko.

Mfumo wa Mgori na Duru-Haitemba ulichagua njia tofauti na zamu ya wote. Badala ya kila kaya kutoa mtu kwa mpokezano, kijiji kiliteua walinzi maalumu. Katika usimamizi wa aina hii mlinzi si mwajiriwa, na kinachomfidia ni msamaha wa kazi nyingine za pamoja, sehemu ya faini, au vyote viwili. Msamaha una mantiki nzuri ambayo haijapewa nafasi ya kutosha katika maandiko. Unaliweka lindo kwenye mizani moja na ujenzi wa shule na ukarabati wa barabara: anayelinda amekwisha kutoa siku zake, na jirani anayebeba mawe anajua kwamba mlinzi hajamkwepa. Kijiji kinaweza kuhesabu siku kwa siku bila kutoa shilingi.

5.0 Faini na Daftari

Sehemu ya faini ni habari nyingine. Kumpa mlinzi fungu la faini ni kumpa sababu ya kuamka usiku, na kwa kijiji kisicho na bajeti ndiyo sababu pekee iliyo karibu. Papo hapo ni kumpa masilahi katika kosa. Lindo likifanikiwa kabisa, wakosaji huisha, na malipo ya mlinzi huisha pamoja nao. Mlinzi anayetegemea faini ana njia mbili za kuongeza kipato: kutafuta makosa madogo ya watu wadogo, kwa mfano mama mwenye mzigo wa kuni mbichi, au kumalizana na mkosaji mkubwa njiani kabla jina halijafika ofisini. Katika njia ya kwanza msitu unabaki na watu wanaulalamikia. Katika njia ya pili msitu wenyewe unakwisha huku daftari likionesha utulivu.

Tatizo hilo lipo hata kwa mlinzi mwenye tabia njema, na kwa hiyo haliwezi kutibiwa kwa kumtafuta mwaminifu zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika lindo, daftari ni kifaa cha ulinzi sawa na kurunzi. Faini iliyotajwa kiwango chake katika sheria ndogo haiwezi kupandishwa gizani. Stakabadhi yenye nakala inayobaki ofisini humkinga mkosaji asitozwe mara mbili, na humkinga mlinzi dhidi ya tuhuma kwamba amekula. Shoka lililokamatwa likiandikwa, haliwezi kuonekana wiki mbili baadaye nyumbani kwa aliyelikamata. Taratibu hizi ni za kawaida mno, na huenda ndiyo maana watafiti wengi wa sungusungu wameandika zaidi kuhusu mishale na viapo.

Hata hivyo, daftari lisilosomwa ni karatasi tu. Kinacholipa nguvu ni mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha watu wazima wote na unaopaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Pale ambapo mapato ya faini na majina ya waliotozwa husomwa mbele ya mkutano, mama wa kuni mbichi anaweza kusimama na kusema alitozwa kiasi ambacho hakikusomwa. Pale ambapo taarifa ya ulinzi inapelekwa kwa mtendaji peke yake, au inaruka moja kwa moja hadi kata na wilaya, mlinzi anakuwa na bosi lakini hana wa kumhoji miongoni mwa anaowalinda. Hapa ndipo tofauti ya Fleisher na Heald inapopata maelezo. Lindo lililozaliwa na hasira ya wafugaji walioibiwa lilihojiwa kila siku na wafugaji haohao. Lindo lililoundwa kwa agizo lilihojiwa na aliyeagiza, naye alikuwa mbali.

Mgori haukosi udhaifu katika hili. Ukubwa wa msitu unamfanya mlinzi awe peke yake kwa saa nyingi, na mpaka kati ya sehemu ya kijiji kimoja na kingine ni mstari ambao mkosaji huuvuka kwa hatua moja. Mlinzi wa Pohama anayemfuata mkata mbao hadi upande wa Ngimu ameingia mahali ambapo sheria ndogo ni ya kijiji kingine na mkutano utakaomhoji si wake. Vijiji vinavyopakana hulazimika kukubaliana juu ya makabidhiano, kama yowe la Kahama lilivyopokewa kijiji kwa kijiji, ila safari hii kwa maandishi.

6.0 Mipaka ya Mkono wa Mlinzi

Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, raia wa kawaida anaweza kumkamata mtu katika mazingira maalumu, na akishamkamata anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Marekebisho ya 1989 yaliongeza uwezo wa vikundi vya ulinzi, lakini hayakuwageuza kuwa mahakama. Kipigo hakikuruhusiwa wakati wowote. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwa kosa, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha.

Katika kijiji kilicho mbali na kituo, kanuni ya kukabidhi bila kuchelewa hukutana na hali halisi ya barabara. Mtuhumiwa amekamatwa saa nane usiku. Usafiri ni pikipiki ya mtu binafsi. Mafuta hayana fungu. Katika saa hizo kati ya kukamata na kukabidhi ndimo yanamotokea mengi ya yale yanayolalamikiwa kuhusu vikundi vya ulinzi. Mlinzi aliyechoka, mwenye hofu na hasira, anakaa na mtu aliyemwibia jirani yake, na umati unaanza kukusanyika kwa ajili ya yowe alilolipiga yeye mwenyewe. Sheria inamtazama mlinzi huyo kama mkamataji. Kwa wakati huo amekuwa pia mlinzi wa mtuhumiwa dhidi ya kijiji chake. Mafunzo machache yanayotolewa kwa vikundi hivi huzungumzia namna ya kukamata kuliko namna ya kusubiri.

Maboresho ya Jeshi la Polisi yaliyoanza mwaka 2006 chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema yalileta dhana za polisi jamii na ulinzi shirikishi, na baadaye askari wa ngazi ya kata. Jina jipya lilikusudia kuliweka lindo karibu na polisi na mbali na mishale. Cross (2014), aliyechunguza utaratibu huo mkoani Mwanza, anauona umefumwa katika lugha ya maendeleo: kulinda huhesabiwa pamoja na kuchangia madawati na zahanati kuwa alama ya raia mwema. Uchambuzi huo unaelekea kuwa sahihi, na unaeleza pia kwa nini anayekataa zamu huonekana kuwa adui wa maendeleo kabla hajaulizwa sababu. Kenya nayo, baada ya shambulio la Westgate la 2013, iliazima kutoka Tanzania dhana ya nyumba kumi. Ukaribu na polisi umemsaidia mlinzi wa kijiji kupata mtu wa kumpokelea mtuhumiwa. Haujamsaidia sana katika jambo lililobaki.

7.0 Gharama ya Mwili

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Askari polisi akiumia kazini ana jeshi lake, na mlinzi wa kampuni ana mwajiri anayewajibika kuchangia mfuko. Mlinzi wa kijiji ana kijiji. Hakuna mkataba wa ajira, hakuna mchango uliolipwa kwa jina lake, na msamaha wa kubeba mawe haulipi bili ya hospitali. Panga likimkata kiganja msituni, swali la kwanza litakalomkabili katika hospitali ya mkoa Singida ni lilelile linalomkabili mgonjwa mwingine yeyote: nani analipia.

Kwa kawaida jibu hutafutwa kwa mchango. Ndugu huuza mbuzi, kitongoji hupitisha kofia, mwenyekiti huandika barua kwenda kwa mtendaji wa kata. Utaratibu huo una utu ndani yake na haupaswi kudharauliwa. Kasoro yake ni kwamba ukubwa wa msaada hutegemea jina la mlinzi kuliko jeraha lake. Aliyekuwa mkali kwa wakata miti, akawatoza faini jirani zake kama sheria ndogo ilivyomwagiza, huenda ndiye atakayechangiwa kidogo. Kijiji huweza kumwadhibu kwa kumsahau, na adhabu hiyo haiandikwi katika daftari lolote.

Zana za kurekebisha hali hiyo ziko ndani ya uwezo wa kijiji. Sheria ndogo inayotaja kiwango cha faini inaweza pia kutaja fungu la faini hiyo linalotengwa kwa matibabu ya walinzi, likasomwa mkutanoni pamoja na mapato mengine. Halmashauri ya kijiji inaweza kukata bima ya afya kwa kaya za walinzi kabla ya kuwapa filimbi. Hatua ya namna hiyo ingepunguza pia kishawishi cha mlinzi kujilipa njiani, kwa kuwa sehemu yake katika faini ingempata kwa njia inayoonekana na kila mtu, akiwa mzima au akiwa kitandani. Kwa sasa, panapokosekana kifungu cha aina hiyo, kijana anayeteuliwa leo kuingia msitu wa Mgori usiku anaingia akiwa na rungu, kurunzi, filimbi na barua ya uteuzi. Barua hiyo inaeleza anachotakiwa kukilinda na atakayempelekea taarifa. Upande wake wa pili huwa mtupu.